Sauti ya Nne ya Cyriaque

Wateja wangu hunidanganya, na wengi wao hawajui kwamba wananidanganya. Mtu analeta kompyuta iliyolowa chai mpaka chini ya vitufe, kisha anaapa kwamba haijawahi kuona hata tone la maji. Nina miaka kumi na sita nikiwa fundi wa kompyuta hapa Biryogo, mtaa wa Waislamu jijini Kigali, na nimejifunza kumsikiliza mtu kwa sikio moja, la pili naliacha kwenye mashine. Kwa hiyo mzee Cyriaque alipoketi kwenye kiti changu cha plastiki, akaweka mfuko mezani na kusema hajafanya kitu chochote, nilijisemea moyoni, haya, tumeanza.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mrefu, mwembamba, amefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Vile vifungo vilikuwa na kazi yake. Chini ya kola kulikuwa na rovu, uvimbe mkubwa wa kujaa kiganja, na alipomeza mate ulipanda na kushuka. Nilijitahidi nisiutazame, nikautazama. Yeye akatabasamu, akasema hata watoto wa jirani huutazama, nisione haya.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya duka la rangi za nyumba kule Muhima. Wazazi wake walikuwa wakimbizi Burundi, naye akakulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Mkatoliki na Mwislamu wote hugombana kwa Kiswahili. Ndiyo maana tulielewana upesi. Alirudi Rwanda akiwa kijana, akapata kazi, akamwoa Pudentienne, wakapata binti mmoja, Natacha, ambaye sasa ameolewa. Lakini ukimuuliza Cyriaque yeye ni nani, stoo haitaji. Atakuambia ni mwalimu wa kwaya katika parokia moja ya Kicukiro, na kwamba ametunga nyimbo arobaini na tatu.

Kwaya yake ni ya watu wasio na nafasi. Kuna mlinzi, kuna muuza mboga, kuna mama wa kufua nguo, kuna madereva wa pikipiki. Kuwakusanya wote pamoja siku moja ni kama kukusanya kuku waliokwisha kufunguliwa. Basi Cyriaque akabuni njia yake. Kila wimbo anauimba mwenyewe sauti zote nne, moja baada ya nyingine, anazirekodi, kisha anamtumia kila mtu sauti yake kwenye simu akajifunze kazini. Ya kwanza, ile ya wanawake, anaiimba kwa koo jembamba mpaka unadhani ni dada wa shuleni. Ya nne, besi, anaishusha mpaka kifuani. Alinionyesha zote mbili pale pale dukani kwangu, bila aibu, na mshonaji wa jirani akasimamisha cherehani kusikiliza.

Sasa alikuwa anarekodi upya nyimbo zote, kwani za zamani hakuzihifadhi, na haraka, kwa sababu ya lile rovu. Lilikuwa limeanza kumbana pumzi na daktari alitaka kulitoa. Angelazwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Siku niliyokutana naye ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo zilibaki siku nane. Daktari alimweleza kwa uungwana kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita nyuma kabisa ya uvimbe, na kwamba mtu anaweza kuamka salama lakini sauti yake isiamke naye.

"Nikiamuka bila sauti, si kitu," aliniambia. "Lakini nyimbo zikibaki kwangu ndani, nani atazitoa? Karatasi iko na noti. Pumzi haiko kwa karatasi."

Kisha akanieleza tatizo. Laptopu yake ni ya zamani na nafasi ndani imejaa, kwa hiyo rekodi zote huzihifadhi moja kwa moja kwenye diski ya pili, ile kubwa ya nje yenye waya wake wa umeme. Na hiyo diski ilikuwa inaharibu mafaili. Si yote. Sauti ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili nzima, ya tatu mara chache ilikwaruza. Ya nne, katika wimbo baada ya wimbo, ilikuwa imekufa.

"Fundi, hii disiki iko inakula besi," alisema.

Nilicheka, nakiri. Kwa diski, besi na soprano ni kitu kimoja. Hata picha ya mbuzi kwake ni tarakimu tu. Lakini nilipochomeka waya na kufungua faili moja moja, kicheko kilinikauka. Nyimbo arobaini na tatu, na katika thelathini na moja besi ilikuwa takataka. Nyingine hazikufunguka kabisa. Nyingine zilianza vizuri, mzee anaimba, halafu katikati zinapasuka na kunyamaza. Mimi ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Mke wangu husema nitakufa nimeshika bisibisi ndani ya kitu kisicho changu. Nilimwambia mzee aniachie diski, na usiku huo nilipolala nilikuwa bado najiuliza ni diski gani hii yenye chuki na sauti nzito.

Nilianza na yale ya kawaida. Nikatafuta virusi, hakuna. Nikabadilisha waya, hakuna tofauti. Nikaamini diski imechoka, kwa hiyo niliiacha usiku kucha ikijikagua kipande kwa kipande, na Jumanne asubuhi haikuonyesha hata doa. Nikaijaza filamu ndefu, nikazitoa tena, nikazilinganisha na zile za mwanzo, na hazikupishana hata nukta. Pale mezani kwangu ilikuwa diski nzuri kuliko zangu mwenyewe, na jambo hilo lilinikasirisha. Mashine inayougua nyumbani na kupona kwa fundi humfanya fundi aonekane mjinga.

Alasiri nikamwita Cyriaque. Akaja moja kwa moja kutoka kazini, mikono ina madoa ya rangi nyeupe. Nikamwambia aimbe besi, hapo hapo, kwenye diski hiyo hiyo. Akaimba mbili. Zote zikatoka safi. Basi nikajua si besi, na nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu Jumatatu: nyumbani huimba kwa mpangilio gani?

Akaniambia siku asizokwenda kazini huanza na sauti ya kwanza ya nyimbo zote za siku hiyo, saa moja asubuhi, kwa sababu sauti nyembamba inataka koo lililopumzika. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Besi huja mwisho, karibu saa sita, koo likiwa limeshapata moto.

Hapo nilisimama. Diski haikuwa inakula besi. Ilikuwa inakula kile kilichokuja mwisho.

Diski za siku hizi hujiwekea kumbukumbu ambazo mwenye diski hazioni. Zinaandika zimewashwa mara ngapi, zimefanya kazi saa ngapi, na joto kubwa kabisa zililowahi kufikia. Nikafungua kumbukumbu hizo, mzee akiwa ameinama begani kwangu. Kwangu pale mezani ilikuwa na digrii thelathini na nane, kama mtu mwenye homa ndogo. Lakini iliandika kwamba imewahi kufika sabini na moja.

Kigali haina joto la namna hiyo. Hata ukiiacha juani kwenye bati, utapata tabu kuifikisha hapo. Nikamuuliza huiweka wapi akirekodi. Akasema chumbani. Karibu na jiko? Hapana. Dirishani? Hapana. Juu ya kitu gani? Akafikiri, akasema juu ya kiti. Aliniangalia usoni waziwazi, na mimi nikajua kwamba huyu si mwongo, lakini kuna kitu ambacho hakijamjia kwamba ni cha kuniambia. Nikamwambia kesho nakuja kwako.

Jumatano asubuhi nilipanda pikipiki hadi Kicukiro. Pudentienne alinifungulia geti, mama mnene mwenye sauti ya upole na macho yasiyo ya upole, akanikaribisha chai kabla sijasema jina langu. Nilimwomba Cyriaque afanye kila kitu kama afanyavyo siku zote, kana kwamba mimi sipo. Akafunga dirisha. Akatundika blanketi mlangoni. Akaweka maikrofoni juu ya rundo la vitabu vya nyimbo. Akawasha laptopu, akaunganisha diski. Kisha, kwa utaratibu kabisa kama mtu anayelaza mtoto, akaizungushia diski taulo, akaiweka ndani ya hotpoti kubwa ya karamu iliyokuwa juu ya kiti, ile ya kubebea pilau ya watu ishirini, akapitisha nyaya ukingoni, akashindilia kitambaa mahali pa uwazi na kufunika kifuniko.

Yeye akanigeukia, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza, nikasikia nini? Hakuna kitu.

"Unaona?" alisema. "Hii disiki iko inaimba. Iko inaimba noti moja tu, ya chini, muda wote. Wewe huisikii. Mimi naisikia kwa kila wimbo, na haiko kwa tono yangu."

Na kweli. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka, na inazunguka kwa mlio mdogo ambao mimi, baada ya miaka kumi na sita, sikuwahi kuuita noti. Sikio lake liliuchukia, kwa kuwa haukupatana na ufunguo wa nyimbo zake. Alitafuta kila chombo cha kuunyamazisha mpaka akapata kile ambacho hakitoi sauti nje. Hakuniambia kwa sababu kwake hotpoti ilikuwa habari ya muziki. Mimi nilimuuliza habari za kompyuta.

Nyuma yetu Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia ncha ya blanketi.

"Ile ni hotpoti ya ndoa ya Natacha," aliniambia. "Kila siku naiomba. Wali nikiweka humo asubuhi, saa nane ukifungua iko bado inachoma mukono."

Cyriaque alimtazama mkewe, akaitazama hotpoti, na nikaona jambo linamwingia. Nikaomba afungue kifuniko. Ilikuwa imekaa humo muda mfupi tu, lakini taulo lilikuwa limeanza kupata uvuguvugu. Nikamweleza kwamba ndani ya ile kava kuna kibao kidogo kinachopokea kila anachoimba na kukipeleka kwenye sahani, na kwamba kibao hicho kikipata joto kupita kiasi huanza kupeleka vitu visivyo, bila kulalamika. Kufikia saa sita, hotpoti ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno. Sauti ya kwanza iliingia diski ikiwa baridi, na besi ikaingia ikiwa inapikwa.

Hakucheka. Aliketi kitandani, akaniuliza kama zile thelathini na moja zinaweza kurudi. Hapa ndipo wenzangu wengi humwambia mtu wataona, watajaribu, alete kesho. Mimi nilimwambia hapana. Kilichoandikwa vibaya hakikufichwa mahali, hakipo. Aliinamisha kichwa, mkono ukaenda wenyewe kwenye rovu, na nilitamani sana niwe fundi wa namna nyingine.

Zilibaki siku sita pamoja na ile. Nilitoa mfukoni diski yangu ndogo, ya aina isiyo na sahani wala mota ndani, nikaiweka mezani wazi, bila taulo. Akaisogezea sikio, akasikiliza, halafu akaniambia hii iko kimya. Akaomba maji ya uvuguvugu, akafungua daftari la noti, akaanza besi ya kwanza kati ya zile thelathini na moja kabla sijatoka nje ya chumba.

Aliomba ruhusa kazini. Akapanga nyimbo sita kwa siku, kwa kuwa zaidi ya hapo rovu lilimkaba. Mimi kila alasiri nilifunga duka mapema na kwenda Kicukiro. Nilinakili rekodi za siku sehemu tatu tofauti, na nikazisikiliza zote kwa masikio, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sikuamini tena kompyuta yoyote kuniambia faili ni zima. Wapo waliocheka Biryogo, kwamba mimi, Usumani, natembea barabarani na nyimbo za kanisani masikioni. Niliwaacha wacheke. Besi ni kitu cha ajabu ukiisikiliza peke yake. Haina wimbo ndani yake, ni kama mtu anayetembea nyumba ya jirani, lakini siku ya tatu nilikuwa nagundua mahali anapovuta pumzi, na siku ya nne nilikuwa namngoja.

Siku ya Jumapili sauti yake ilianza kuchoka. Jumatatu zilikuwa zimebaki nne. Aliimba ya kwanza, akapumzika saa nzima akiwa amelala chali, Pudentienne akimpepea kwa kipande cha boksi. Akaniambia nyimbo mbili kati ya zilizobaki zinaweza kwenda tu, alizitunga akiwa amemkasirikia padri mmoja na zinasikika hivyo. Ule wa mwisho hakuuacha. Ulikuwa wimbo wa matoleo, wa kwanza kabisa kuutunga katika maisha yake, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliuimba saa tisa alasiri, amefumba macho, ameshika ukingo wa meza. Nilisikiliza rekodi mara mbili. Faili lilikuwa safi. Jumanne asubuhi wakaenda hospitali.

Uvimbe ulitoka wote, na mzee aliamka salama. Sauti haikuamka. Kilichobaki ni hewa yenye umbo la maneno, ukimkaribia unaelewa, ukirudi hatua mbili humsikii. Nilimtembelea. Yeye alinishika mkono na kunionyesha simu yake, kwamba ameshawatumia wanakwaya sauti zao zote.

Baada ya wiki saba akaniita mazoezini. Sikuwahi kuingia katika ukumbi wa parokia maishani mwangu. Nikaketi nyuma, karibu na mlango, na laptopu yangu magotini kama alivyoniomba. Walikuwa watu ishirini na wawili. Wenye besi walikuwa wanne, wakiongozwa na Johnson, mlinzi wa benki, mwanamume mpana aliyejifunza sauti yake yote zamu ya mchana kwa kifaa kimoja cha sikioni. Cyriaque alisimama mbele yao. Aliinua mikono, nao wakaimba, na nilizitambua zile pumzi. Johnson alikuwa anavuta pumzi mahali pale pale nilipokuwa namngoja Cyriaque. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

Wakafika kwenye wimbo wa matoleo. Katikati Cyriaque akaushusha mkono, wakanyamaza. Akawaonyesha wale wa besi warudie. Wakarudia. Akatikisa kichwa, akaenda kwa Johnson, akaweka kidole kwenye noti ya karatasi. Johnson akaitazama, akasema kwa heshima zote kwamba yeye ameimba vile ilivyo kwenye simu. Wenzake watatu wakasema hivyo hivyo. Wote ishirini na wawili wakanigeukia mimi, fundi wa mafaili.

Nikafungua faili, nikalilinganisha na nakala ya pili, nikalilinganisha na ya tatu. Zote zilikuwa sawa na siku ile ya Jumatatu, hakuna hata nukta iliyohama. Cyriaque akaja, akakaa karibu yangu, nikamvalisha vifaa vya masikioni, nikambonyezea. Sauti yake ikaanza, ile ya zamani, nzito. Ilipofika mahali penyewe alifumba macho. Akanionyesha nirudishe. Nikarudisha mara tatu.

"Muzee," nilimwambia polepole, "faili iko nzima. Ni wewe mwenyewe."

Alikuwa amechoka siku ile ya kurekodi, na sauti ilishuka noti moja chini ya ilipopaswa kukaa, ikatulia huko, na hakuisikia. Hakuna mashine iliyoharibu. Mabega yake yakaanza kutikisika na nikaogopa, halafu nikaona anacheka, kicheko kisicho na sauti hata kidogo, machozi yanamtoka.

Alipomaliza akarudi mbele na kuomba kalamu. Akachukua karatasi ya Johnson, ile yenye wimbo alioutunga akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaikata noti ya zamani na kuandika ile aliyoiimba. Akafanya hivyo kwenye karatasi ya pili, ya tatu na ya nne. Kisha akainua mikono, wakaanza tena tangu mwanzo.